Kifuko cha maji ndani ya uti wa mgongo, lazima apasuliwe?

Binti_Langoni: Asalam alaykum jamani. Kakangu ni fundi wa majahazi hapa Lamu, muda mrefu alalamika shingo na mikono ganzi, tukadhani ni kazi tu, mpaka mama akamuona kashika sufuria ya moto wala hashtuki, kiganja kishababuka. Tukampeleka Mombasa akapigwa MRI, ripoti yasema siringomielia, kifuko cha maji ndani ya uti sehemu ya shingo, pamoja na Chiari. Sasa daktari ataka kumpasua kisogoni, kisogo chaingiaje na maji yako shingoni?? Ami naye asema aende kwa mkandaji kwanza.

nesi_wa_malindi: Waalaykum salaam, poleni sana. Chiari ni sehemu ya chini ya ubongo imeshuka kwenye tundu la fuvu pale shingo inapoanzia, ikabana njia ya maji yanayozunguka ubongo na uti, ndo yakaanza kujikusanya ndani ya uti. Kwa hiyo daktari anatoa kipande cha mfupa kisogoni afungue njia, na ikifunguka kifuko mara nyingi chanywea chenyewe. Mishipa ya maumivu na joto yavukia katikati ya uti, hapo hapo kifuko kilipo, ndo maana ukimgusa anasikia lakini moto hausikii. Kumkanda shingo HAPANA, nawasihi, aweza kuumia vibaya zaidi.

Mwana wa Shela: Si kila mtu hupasuliwa lakini. Mie changu kilikuja baada ya ajali ya pikipiki, hakikui na sina dalili mpya, napigwa MRI kila baada ya muda daktari alinganishe, basi.

Binti_Langoni: Yeye hata patasi yamponyoka siku hizi, na akikohoa kichwa chamuuma kisogoni

nesi_wa_malindi: Basi huyo si wa kungoja dada. Dawa hupunguza maumivu ya neva tu, kifuko haziyeyushi. Na ami aambiwe mapema, upasuaji nia yake kubwa ni kuzuia isizidi, ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke yote, ndo maana kuchelewa kwaumiza. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukimtoka bila kujua au ukigoma, hospitali saa hiyo hiyo hata usiku. Kwa sasa asishike chungu wala pasi, na maji ya kuoga mwengine ayapime joto kwanza.