Tupeane uzoefu: ulisema wapi yale usiyoweza kuyasema kijiweni, kabla ya simu janja?

Wakuu, habari zenu. Naanza mimi.

Mwaka 1994 nilikuwa karani kwenye shirika moja dogo Nairobi. Tulitumia FidoNet, ule mtandao wa kompyuta zinazopeana barua kwa laini ya simu, aliouanzisha Tom Jennings San Francisco mwaka 1984. Mambo ya kuwa hewani muda wote hayakuwepo: unaandika mchana, usiku modemu, kile kifaa cha kuunga kompyuta na simu, inapiga, barua zote zinakwenda kwa mkupuo mpaka GreenNet, mtandao wa kompyuta wa wanaharakati kule London, ndipo zisambae. Siku moja nikamwandikia rafiki yangu Ulaya, nikamchambua bosi wangu kama karanga. Asubuhi fundi wa kompyuta akanivuta pembeni: "Dada, punguza makali." Kumbe barua zilikuwa zinalala wazi kwenye mashine yake!

Mzee wa Tanga:
Afadhali wewe ulisomwa na mmoja. Mimi nilikuwa nasoma Marekani mwaka 1993, nikanogewa na Usenet, ule mtandao wa makundi ya mijadala ya maandishi, kundi la soc.culture.african. Seva ya chuo inanakili kwa jirani, jirani kwa mwenzake, basi hakuna mwenye nyumba wa kukufukuza. Nikabishana vyama vingi usiku kucha, kwa jina langu kamili na anwani ya chuo, maana ndivyo tulivyoandika wengi. Tulidhani maneno yale yanapita kama soga za barazani. Mwaka 2001 Google wakanunua kumbukumbu za Deja, kampuni iliyokuwa ikihifadhi mijadala ya Usenet, na Desemba wakafungua mijadala ya tangu 1981. Binti yangu akanisomea matusi yangu mezani, tunakula. Mama yake alicheka mpaka akapaliwa.

Mtoto wa Mwanza:
Mimi ni wa intaneti kafe, 2002. Vyumba vya soga vya Yahoo, najiita Mkanada. Ndiko nilikomwambia mtu kwa mara ya kwanza kwamba udaktari ni ndoto ya baba, si yangu. Alikuwa nani, sijui hadi leo. Muda ukaisha, skrini ikajifunga kabla hajajibu, na mfukoni sikuwa na hata mia.

Mzee wa Tanga:
Pole, mwanangu. Dada wa FidoNet, hujamaliza. Yule fundi alimfikishia bosi?

Mwanzisha mada:
Hakusema neno, Mzee. Ila tangu siku ile, kila nilichoandika nilikuwa namwandikia yeye kwanza.