Ulinganisho: Fedha za seva mpya zitoke wapi? Harambee, ada ya mwaka, matangazo au mdhamini

Mratibu wa Jukwaa

Ndugu wanajukwaa,

Wengi wenu mmeona jinsi kurasa zinavyochelewa kufunguka saa za jioni, na jinsi utafutaji wa mada za zamani unavyokatika kabla ya kuleta jibu. Seva yetu, yaani mashine inayoliendesha jukwaa, ina diski za kuzunguka, na kumbukumbu yake ya muda (RAM) ni ndogo kuliko hifadhidata inayoihudumia, yaani mkusanyiko wa jumbe na taarifa zote za jukwaa, ilhali mijadala inazidi kuongezeka. Wasimamizi tumekubaliana kwamba ibadilishwe. Ambalo hatujakubaliana ni fedha zitoke wapi, na nisingependa jambo hilo liamuliwe faraghani na watu wachache, kwa sababu anayelipia jukwaa ndiye ambaye hatimaye jukwaa humsikiliza.

Naomba tutenganishe gharama mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ya kununua mashine: hulipwa mara moja, kisha hurudi baada ya miaka 3 hadi 5, dhamana inapokwisha au vipuri vinapoanza kuchoka. Ya pili ni ya kuiendesha: nafasi katika kituo cha data, umeme, bendiwidi (uwezo wa kusafirisha data), jina la kikoa (anwani ya tovuti) na mahali pa kuweka nakala rudufu. Hii haina mapumziko. Seva inayotumia wati 150 mfululizo hutumia zaidi ya kilowati-saa 1,300 kwa mwaka, hata kama usiku mzima hakuna aliyeandika neno. Fedha zinazofaa gharama ya kwanza si lazima zifae ya pili.

Harambee ya mara moja ina nguvu pale watu wanapoona shida kwa macho yao. Mwishoni mwa Desemba 2003, baada ya seva za Wikipedia kuharibika, mwanzilishi wake Jimmy Wales aliomba dola 20,000 za kununulia vifaa, na lengo hilo lilivukwa ndani ya siku chache. Lakini harambee huchosha ikirudiwa kila robo mwaka, na haifai kulipia umeme.

Ada ya mwaka huleta fedha zinazotabirika. Inaweza kuwa ya lazima kwa kila anayejisajili, au ya hiari kwa wanaotaka kulisaidia jukwaa na kupewa alama ndogo pembeni ya jina. LiveJournal, huduma ya blogu iliyoanzishwa mwaka 1999, iliishi kwa muda mrefu kwa akaunti za kulipia, na mara kwa mara iliuza akaunti za kudumu ambazo mtu alizilipia mara moja tu. Njia hiyo ya mwisho huleta fedha nyingi kwa siku moja, ila aliyenunua huhudumiwa maisha yake yote bila kulipa tena, na kwa hiyo ninaiogopa.

Matangazo na mdhamini nitawaachia wanaoyaunga mkono wayatetee. Mimi naelekea kwenye harambee kwa ajili ya mashine na ada ya hiari kwa ajili ya uendeshaji, lakini niko tayari kushawishiwa.

Fundi wa Hifadhidata

Ndugu Mratibu, nakushukuru kwa kuliweka jambo hili hadharani. Kabla hatujapanga kiasi cha kuchangisha, ni lazima tujue tunanunua nini, kwa maana nimeona jumuiya zikichangishana kwa bidii na kununua prosesa yenye viini vingi, kumbe prosesa ya zamani ilikuwa imekaa bure ikiisubiri diski.

Diski ya kuzunguka yenye kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika huweza kufikia data iliyotawanyika takriban mara 100 tu kwa sekunde, kwa kuwa kila safari inabidi kichwa cha kusomea kisogee na sahani izunguke hadi mahali panapohusika. Jukwaa la majadiliano ni kazi ya aina hiyohiyo hasa: ukurasa mmoja wa mada unakusanya jumbe zilizoandikwa siku tofauti, wasifu wa waandishi, hesabu ya zilizosomwa na ruhusa za msomaji, na vyote hivyo vimelala sehemu mbalimbali za diski. SSD, yaani diski ya kielektroniki, haina kitu kinachozunguka, na hata ile ya kawaida hufanya makumi ya maelfu ya safari hizo kwa sekunde. Kwa mzigo wetu hakuna badiliko jingine litakaloonekana haraka kiasi hicho.

Linalofuata ni kumbukumbu. Hifadhidata ikiweza kuweka sehemu inayosomwa mara kwa mara ndani ya RAM, diski huguswa kwa nadra. Ningeshauri RAM ya ECC, ambayo hurekebisha kosa la biti moja kabla halijaandikwa kwenye jedwali, kwa kuwa mashine hii ndiyo inayotunza maandishi yetu yote. Diski ziwe mbili zinazoakisiana ili moja ikifa jukwaa lisisimame. Nasisitiza hata hivyo kwamba diski zinazoakisiana si nakala rudufu: msimamizi akifuta mada kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili papo hapo.

Kuna jambo lisilogharimu chochote. Majukwaa mengi ya zamani yanayotumia MySQL, programu ya hifadhidata, bado yana majedwali ya MyISAM, injini ya kuhifadhi data ambayo hufunga jedwali zima mtu mmoja anapoandika, hivyo wanaotaka kusoma hupanga foleni. InnoDB, injini nyingine ya MySQL, hufunga safu inayoandikwa tu, na ndiyo chaguo-msingi, yaani hutumika mtu asipochagua nyingine, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010. Aidha, kumbukumbu inayotengewa InnoDB kwa chaguo-msingi ni megabaiti 128 tu, na wengi huiacha hivyo hata kwenye mashine yenye RAM mara mia ya hiyo. Naomba niruhusiwe kukagua mambo haya mawili na kupima muda ambao mashine hutumia kuisubiri diski. Huenda tukahitaji mashine ndogo kuliko tunavyodhani, na kulenga kiasi kidogo zaidi.

Mpenda Kukodi

Ndugu zangu, mbona tunachukulia kwamba ni lazima tununue? Tukikodi seva nzima katika kituo cha data, diski ikifa ni kazi ya mwenye mashine kuibadilisha, na hakuna kati yetu atakayeamshwa usiku. Gharama zote mbili alizozitaja Mratibu zinakuwa moja, ya kila mwezi, na harambee haihitajiki kabisa. Ukuaji pia unakuwa mwepesi, kwa kuwa tunahamia mashine kubwa zaidi pale tu tunapoihitaji.

Fundi wa Hifadhidata

Hoja ya Ndugu Mpenda Kukodi ni nzito, na upande wa kiufundi siipingi, mradi tukodi mashine nzima badala ya kipande cha mashine ambamo jirani tusiyemjua anaweza kuibana diski wakati sisi tunaihitaji. Angalizo langu ni la muda. Mashine ya kununua, fedha zikikauka kwa mwezi mmoja au miwili, bado ni yetu. Ya kukodi huzimwa, na baada ya muda fulani data iliyomo hufutwa. Tukichagua kukodi, basi akiba ya miezi kadhaa iwe benki kabla hatujahama.

Mtetezi wa Matangazo

Najua maoni yangu hayatapendwa, lakini nayatoa kwa nia njema. Wanaotembelea jukwaa bila kujisajili, wengi wao wakiletwa na injini za utafutaji, ni sehemu kubwa ya mzigo wa seva na hawachangii chochote. Matangazo yakionyeshwa kwa wageni hao tu, na kuondoka mtu anapojisajili, mwanachama hatasumbuliwa na mgeni atakuwa amelipia alichosoma. Hakuna anayeombwa fedha. Wapo wanachama wetu ambao hata ada ndogo ingewawia vigumu, na kila wito wa mchango unawakumbusha hali hiyo. Naomba tusilipuuze hilo.

Mhazini Mstaafu

Ndugu Mtetezi, umegusa jambo la kweli kuhusu wasio na uwezo, na nitalirudia. Kuhusu matangazo, naomba tuyaangalie yaliyoipata MetaFilter, jumuiya ya majadiliano iliyoanza mwaka 1999 na ambayo tangu mwaka 2004 ilitoza dola 5 mara moja kwa kila mwanachama mpya. Sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na matangazo waliyoonyeshwa wageni, sawasawa na unavyopendekeza. Google ilipobadilisha namna ya kupanga matokeo ya utafutaji, wageni walipungua, mapato yakashuka, na mwaka 2014 jumuiya hiyo ililazimika kuwaachisha kazi baadhi ya wasimamizi wake. Waliokuja kuinusuru ni wanachama wenyewe, kwa michango ya hiari. Somo ninalolichukua ni kwamba mapato ya matangazo huamuliwa na mtu asiyetujua na asiyewajibika kwetu, na yanaweza kupungua hata kama sisi hatujabadilisha lolote. Mitandao ya matangazo pia huleta programu zinazofuatilia wasomaji, na hapo tunabeba wajibu wa kuomba ridhaa na kulinda taarifa ambazo hatukuzihitaji tangu mwanzo.

Mdhamini mmoja mkubwa ana tatizo la aina hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi. Siku mjadala utakapomgusa, msimamizi atasita kabla ya kuamua, na kule kusita peke yake ni hasara hata kama mdhamini hajasema neno.

Sasa kuhusu michango yenyewe, nimesimamia fedha za vikundi kwa muda wa kutosha kuona mambo yanayoviangusha. Watoa huduma za malipo kwa kawaida hukata asilimia fulani pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala. Kile kisichobadilika ndicho kinachoumiza: anayetoa kidogo kila mwezi hukatwa mara 12 kwa mwaka, ilhali angelipa jumla hiyohiyo kwa mkupuo angekatwa mara moja. Ada yetu iwe ya mwaka.

Pili, mwenye mashine ni nani? Mkataba wa kituo cha data, jina la kikoa na akaunti ya fedha vikiwa kwa jina la mtu mmoja, basi akiugua, akikosana na wenzake au akifariki, jukwaa linabaki mikononi mwa watu wasiohusika. Kabla ya senti ya kwanza kupokewa, iandikwe nani wawili au watatu wana mamlaka ya pamoja, na hesabu zichapishwe kila robo mwaka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tatu, ijulikane mapema fedha zitakwenda wapi lengo lisipofikiwa. Mtu hutoa kwa moyo mweupe akijua kwamba atarudishiwa, au kwamba alichotoa kitakuwa akiba ya uendeshaji, mradi ameambiwa ni lipi kati ya hayo mawili.

Msomaji Kimya

Ndugu wanajukwaa, mimi ni miongoni mwa wale ambao husoma kila siku na kuandika kwa nadra sana, na nimeona nisimame kwa ajili ya wenzangu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia kidogo, na asilimia 1 ndio huandika sehemu kubwa ya yote. Ada ya lazima itatupunguza sisi asilimia 90 kwanza, na baadhi yetu ndio ambao kesho wangekuwa waandishi. Ikiwa ya hiari, nitaitoa mapema mwezi wa kwanza. Ninachoomba ni kuonyeshwa waziwazi inafanya nini. Reddit, tovuti ya majadiliano, ilipoanzisha huduma yake ya kulipia ya Gold mwaka 2010, hapo mwanzo watumiaji waliachiwa wachague kiasi wenyewe, na baadaye kila aliyenunua Gold alionyeshwa amelipia dakika ngapi za seva. Taarifa ndogo kama hiyo ingenifanya nitoe tena mwaka unaofuata.

Mtetezi wa Matangazo

Mfano wa MetaFilter umenigusa, na sitaendelea kuyashikilia matangazo kama chanzo kikuu. Bado nasimama kwenye ombi langu la pili: aliyechangia na asiyechangia wawe na haki zilezile za kuandika, kutafuta na kupiga kura, na orodha ya wachangiaji isipangwe kwa ukubwa wa walichotoa.

Mhazini Mstaafu

Hilo ndilo nililotaka kulirudia, na naliunga mkono kikamilifu. Hata ile alama pembeni ya jina ningeiacha, au angalau mchangiaji apewe uhuru wa kuificha. Ndani ya mjadala, hoja ya aliyetoa haipaswi kuonekana nzito kuliko ya asiyetoa.

Mratibu wa Jukwaa

Nawashukuru nyote. Kuhusu kununua au kukodi, msimamo wangu umesogea: kukodi mashine nzima kunatuondolea mzigo wa vipuri, na harambee moja inaweza kujenga akiba aliyoitaja Fundi badala ya kununua chuma. Hata hivyo nitasubiri vipimo kabla ya kuliweka jambo hilo mezani, kwa kuwa tukigundua kwamba SSD mbili na RAM zaidi katika mashine tuliyonayo zinatosha, mlinganyo mzima unabadilika na kukodi hakutakuwa na sababu.

Matangazo na mdhamini mkuu nayaondoa kwenye orodha. Ada ya lazima pia naiondoa, kwa hoja ya Msomaji Kimya. Kinachobaki ni harambee ya mara moja pamoja na ada ya hiari ya mwaka, bila alama na bila upendeleo wowote. Mhazini, nakuomba uandike rasimu ya kanuni za fedha: mamlaka ya pamoja, taarifa ya kila robo mwaka, na hatima ya michango lengo lisipofikiwa. Fundi, una ruhusa ya kukagua majedwali na kupima diski, jioni na alfajiri, ili tuone tofauti. Rasimu na vipimo vikishawekwa hapa, wanachama wote watapiga kura, na hakuna mchango utakaopokewa kabla ya hapo.