Naomba mawazo ya sura, naambiwa "mwamshe, iwe ndoto"!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bwana wenu kanifanyia tena. Simtaji, mnamjua, yule wa "mimi huwa sikwami". Utakwamaje na hujawahi kuandika? Gari lisilotoka gereji litakwama wapi?

Iko hivi. Hadithi yangu imegoma. Mhusika kasimama mlangoni na bahasha aliyoachiwa na marehemu mama yake. Hafungui, hachani, haondoki. Kakaa pale hadi naona haya kufungua faili, maana tutaanza kusalimiana. Nikaenda kwenye kundi letu la waandishi kwa adabu zote, nikaeleza: akiifungua sasa, siri imetoka na hadithi imeisha, asipoifungua, msomaji anasinzia. Nirushieni mawazo, hata ya kijinga, nitachambua mwenyewe.

Jibu lake: "Si umwamshe tu, iwe ilikuwa ndoto." Na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. VITATU.

Ndoto! Sura kumi na mbili, msiba, kesi ya mirathi, mtoto kazaliwa, kumbe watu wamelala tu?

Na kundi zima likaangua kicheko, mawazo yakakauka papo hapo. Kuna dada alikuwa ameshaandika "vipi kama ndani ya bahasha hamna kitu..." akafuta. AKAFUTA! Lile wazo lilikuwa langu! Alex Osborn, yule Mmarekani wa matangazo ya biashara aliyeeneza huu mtindo wa watu kukaa na kumwaga mawazo, alisema wazi: kwanza kusanyeni mengi, hata ya ovyo, kukosoa ni baadaye. Huyu kaja kukosoa kabla hatujakusanya hata moja. "Iwe ndoto." Vikatuni vitatu!

Kalamu Butu: Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, sura kumi na mbili mtu kashika bahasha? Hiyo ndoto ingetuokoa sisi wasomaji.

Mleta uzi: Hajaishika sura zote! Ni hii ya mwisho tu! Naona na wewe umetumwa.

Bi Tungo: Hemingway, yule mwandishi wa riwaya Mmarekani, alishauri uache kuandika kwa siku hiyo wakati bado unajua kinachofuata, kesho yake hukwami.

Mleta uzi: Asante mama, nimeshakwama.

Mzee wa Mapanga: Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika kwamba kwenye zile hadithi za upelelezi za zamani, ukikwama unamwingiza mtu mlangoni na bastola mkononi. Mlango unao. Bado bastola tu.

Wino Mkavu: Afadhali wewe umepewa sentensi moja. Mimi niliomba wazo la jina la kijiji, nikaletewa muswada wake mzima "upitie uone mimi nilivyofanya". Hadi leo ananiuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Kijiji bado hakina jina.

Bi Tungo: Ni huyohuyo?

Wino Mkavu: Huyohuyo.

Rasimu ya Tatu: Mimi binadamu niliachana nao, nikauliza programu ya akili mnemba. Imeleta mawazo lundo, na kila wazo mhusika anagundua ana pacha. Nikaiambia sitaki pacha. Ikaomba radhi, ikaleta mapacha watatu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. "Iwe ndoto"! Mbele za watu!

Kalamu Butu: Ngoja kwanza, pacha si mbaya. Barua kaandika pacha, mama hajui kusoma wala kuandika.

Mzee wa Mapanga: Na pacha ndiye anayeingia na bastola.

Wino Mkavu: Hiyo naiandika mimi kama mwenye uzi haitaki.

Mleta uzi: Usithubutu.

Rasimu ya Tatu: Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Kuna anayejua kuondoa ule mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili kwenye kompyuta? Ukurasa wangu unafanana na daftari lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira.

Bi Tungo: Zima ukaguzi wa tahajia. Na usahihishaji wa otomatiki uzime pia, mimi kila nikiandika "aliwahi" unanipeleka Hawaii.

Wino Mkavu: Kumbe! Mhusika wangu kaenda Hawaii mara nne na sikujua.