Huyu mtafsiri wa muvi za Kihindi jana kaniua, sitanii

Mjukuu wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, simtaji jina. Mnamjua. Yule anayecheka kabla muvi haijaanza na kujisifia kila baada ya dakika mbili.

Jana nimekaa na bi mkubwa sebuleni tukaweka Sholay. Ile ya 1975, ya Amitabh, Dharmendra na lile jambazi Gabbar Singh. Wiki nzima nilikuwa nampamba: mama, hii utalia. Muvi ina zaidi ya saa tatu, nikamwandalia mpaka karanga.

Jamaa akaanza. Thakur kajifunika shuka lake, mwongozaji Ramesh Sippy kaificha siri ya lile shuka kwa ustadi wote, yeye kashamwaga mtama: "Huyu mzee hana mikono huyo, subirini." Nikameza. Helen kaingia kucheza, wimbo wa R. D. Burman ndio kwanza unakolea, kaurusha mbele. Nikameza. Usiku Amitabh yuko kibarazani anapuliza kinanda chake cha mdomo, Jaya anazima taa moja baada ya nyingine, hawasemezani neno, yeye anasalimia mafundi simu wa mtaani kwao. Nikameza, ingawa koo lilishajaa.

Sasa tukafika darajani. Wakuu, darajani! Sarafu imerushwa kuamua nani abaki, Dharmendra kashindwa, kaondoka na Hema Malini. Amitabh kabaki peke yake na majambazi, kala risasi, kalipua daraja, kaja kufia mikononi mwa mwenzake. Dharmendra anaichukua ile sarafu. Anaigeuza. Pande zote mbili sawasawa! Kumbe siku zote Amitabh alikuwa anamchezea, na safari hii kamchezea ili afe yeye. Bi mkubwa kashapeleka upindo wa kanga machoni. Mimi mwenyewe nimekaza taya.

Mtafsiri akasema: "Hapo anahesabu kama nauli ya kurudi inatosha."

NAULI. Mama kacheka mpaka kapaliwa na karanga. Akaniuliza, kwani kwao mbali? Halafu yule bwana kataja namba yake ya simu mara tatu, juu ya maiti, kwa wanaotaka kujaziwa flashi.

Nauli ya wapi wewe? Watu wamekuja na farasi! Farasi ana konda? Mtu kafa, mwenzake kashika sarafu, wewe unawaza nauli.

Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa ving'amuzi. Hii ni jinai.

---

Fundi Baiskeli
Hahahaha nauli! Nimecheka hapa kwenye daladala mpaka mama niliyekaa naye kahama siti. Huyo mtafsiri apewe ulinzi.

Binti Chumbageni
Sasa bi mkubwa kafurahi, wewe umenuna. Ulitaka mama yako alie kwa faida ya nani?

Mjukuu wa Ngamiani
Binti, hukuwepo. Sarafu iko mkononi, muziki umetulia, nyumba nzima kimya, anatokea mtu anasema nauli. NAULI!

Kiti cha Mbele
Mi naona tumeacha la msingi. Stelingi hafi. Amitabh kafa, kwa hiyo stelingi wa Sholay ni Dharmendra. Hata majina yanapopita, la kwake ndilo linatangulia.

Mzee wa Betri
Kiti cha Mbele futa hiyo kauli kabla hakujakucha. Amitabh amsindikize nani?

Kiti cha Mbele
Sifuti. Deewaar ni ya 1975 hiyohiyo, humo nako kafa. Mwaka mmoja mtu kafa mara mbili, halafu mnaniambia stelingi.

Mzee wa Betri
Kwenye Deewaar stelingi alikuwa mama yao. Soma muvi vizuri.

Bi Kizee wa Malindi
Wanangu, sisi Unguja picha za Kihindi tukizitazama bila ya huyo mpiga domo. Mtu hajui hata neno moja, na palipo pa kulia analia. Nyimbo tukitoka nazo mdomoni, baadaye unazisikia kwenye taarabu zishavishwa maneno ya Kiswahili. Nyinyi mpaka mtu akifungua mlango muelezwe kuwa kafungua mlango.

Fundi Baiskeli
Shikamoo bibi. Wengine tumekulia kibanda umiza. Bila mtafsiri mpaka leo tungejua Gabbar ndiye baba yao mzazi.

Mpita Njia
Mleta mada, mtafsiri wako si wa kwanza kuivuruga hiyo muvi. Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, ilikuwa kipindi cha hali ya hatari cha Indira Gandhi, ikabidi wapige upya polisi wakija kumkamata.

Mjukuu wa Ngamiani
Bodi haikutaja namba ya simu.

Baba Wawili, Kisauni
Nyinyi mwalalamika saa tatu za siku moja. Huku kwangu ni tamthilia ya Kihindi, kila usiku. Mkwe amwangalia mavyaa, radi yapiga, kamera yamzunguka huyu, yamzunguka yule, yarudi kwa paka, kipindi kimeisha. Hakuna aliyesema neno na chakula hakijapikwa.

Binti Chumbageni
Jiko liko palepale, shemeji. Nalo linakuangalia.

Abiria wa Kudumu
Afadhali yenu mnaona mwisho. Mabasi ya Mwanza wanaweka picha ya Kihindi mkitoka Dodoma, ikifika adui kamteka mama wa stelingi, konda anazima anaweka singeli. Kuna mama nilimwacha kafungwa kwenye nguzo, moto unawaka, sijui hatima yake mpaka leo.

Kiti cha Mbele
Aliokolewa.

Abiria wa Kudumu
Umeijuaje hiyo muvi? Hata jina sijataja.

Kiti cha Mbele
Nguzo, moto, mama. Aliokolewa. Ila mdogo wake stelingi hapo usimtegemee.

Mzee wa Betri
Abiria, hilo basi lenu Manyoni linapita saa ngapi? Nina betri mbili za sola za kumpelekea mtu Singida.

Abiria wa Kudumu
Saa nane mchana, kama trafiki hawajatuweka pembeni. Ila konda wa zamu hii mizigo yenye maji hapakii, zikivuja anakushusha nazo.

Mzee wa Betri
Ni kavu hizo. Njoo PM.