Direktere, mwalimu wako wa nguvu unamuweka wapi: kalasi ya sita ao ya kwanza?

Ba papa na ba mama wa hapa Bukavu, walimu wenzangu, nawasalimia wote. Kuko jambo moja linanisumbua kila mwezi wa tisa masomo ikifunguka, leo nataka tulijadili wazi.

Karibu kila shule ya msingi yenye naijua, kuanzia Kadutu mpaka Bagira, direktere anapanga vile vile. Mwalimu mwenye anajua kazi kabisa anaenda kalasi ya sita, juu mwisho wa mwaka kuko ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mtaa mzima utahesabu wangapi wamepita. Kalasi ya kwanza anapewa kijana mwenye amepata diplome juzi, ao mama mwenye anangoja pansheni na miguu imeshachoka. Mimi nasema hiyo ni kosa kubwa, na direktere anaweza kuirekebisha bila kutoa hata franga moja.

Nimefundisha miaka 11. Katiba ya 2006 ilisema kwenye artikle 43 kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa prime ya walimu mpaka gratwite ikaanza kweli mwezi wa 9 mwaka 2019. Mwaka ule niliwekwa kalasi ya kwanza nikiwa bado mwepesi katika kazi, watoto 94, wanne kwenye benchi moja, wengine chini kwenye simenti. Nilikuwa nasema « ma, me, mi » wote wanaitika kwa sauti moja, na mimi nafurahi nafikiri wamejua, kumbe 20 wa mbele njo wanasoma na wengine wanafwata tu sauti ya wenzao. Hakuna mtu alinionyesha namna ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja katika umati kama ule. Direktere alipita mara 2, akaangalia fishi zangu za matayarisho, akatia sinyatire, akarudi biro. Hakufungua kaye ya mtoto hata moja.

Wale watoto hawakupotea, walipanda. Wakapanda tena. Mtoto mwenye hajui kusoma anajifunza kunakili tablo vizuri sana, kaye yake inakuwa safi kuliko ya wengine, mzazi anaiona anashukuru Mungu. Halafu masomo yanageuka Kifaransa, na ule mtoto hata Kiswahili cha nyumbani hawezi kukisoma, sasa Kifaransa atakishika wapi? Akifika ya sita, yule mwalimu wetu wa nguvu anabaki kumkaririsha majibu juu wakati wa kumfundisha herufi umeshapita.

Niliona kinyume chake mara moja, katika shule ingine. Direktere alimtoa papa mmoja kalasi ya sita akamshusha ya kwanza. Yule papa alikasirika mpaka akataka kuacha, juu kwetu kushuka kalasi ni kama azabu, na hapo njo naona kazi kubwa ya direktere iko. Huyu alisimama mbele yetu wote akasema amemchagua juu ni yeye mwenye kujua kazi kutupita, akampa kuongoza mkutano wetu wa walimu wa kila wiki, tena akawa anatutuma mmoja mmoja kukaa nyuma katika kalasi yake tuone anavyofundisha silabi, na kalasi zetu anazishika yeye mwenyewe direktere wakati ule. Miaka 2 baadaye nilipokea wale watoto katika kalasi ya tatu. Niliandika sentensi kwenye tablo, nikageuka kuchukua fimbo ya kuonyeshea, nikasikia wameshaanza kuisoma.

Sitaficha, mwaka wa kwanza wa mabadiliko hayo ENAFEP ilishuka kidogo na wazazi walikuja kupiga kelele kwenye mlango wa biro. Direktere alivumilia.

Najua kuko wenye watasema: serikali ilipe kwanza walimu, kuko wenzetu NU (walimu wenye serikali haijawaingiza kwenye liste ya mshahara) wanafundisha miaka bila kulipwa, utamwomba nini mtu mwenye njaa? Ni kweli kabisa, na mimi niko pamoja nao. Lakini yule mwalimu wa sita na yule wa kwanza wanapata ile ile njaa, kwa hiyo mshahara hauelezi kwa nini mmoja anawekwa kule na mwingine huku. Wengine watasema kordinasio, ile ofisi yenye inasimamia shule za kanisa, njo inatuma walimu. Inawatuma kwenye shule, ndiyo, lakini nani anashika kalasi gani inapangwa palepale na direktere.

Sasa ba direktere wenye mnasoma hapa: mwaka huu kalasi ya kwanza mlimpa nani, na juu ya nini? Na nyinyi wazazi, mungekubali ENAFEP ishuke mwaka 1 ao 2 ili wadogo wajue kusoma, ao mungehamisha mtoto?