Nani kawadanganya kuwa JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, inazoa taka zote za memori yenyewe?

Jamani, nimechoka. Jana nimeitwa mara ya tatu mwezi huu kwenye nyumba moja ya wageni hapa Chake Chake. Boti imeshashusha Mkoani, wageni wamejaa mapokezi na mabegi yao, na dada wa mapokezi anabofya skrini iliyoganda. Kazima, kawasha, watu wanamtazama, uso umemwiva kwa haya.

Nikampigia aliyetengeneza mfumo. Jibu lake: "Kaka, JavaScript inasafisha memori yenyewe. Nunueni kompyuta kubwa."

Hapana! Nimeshinda na ule ukurasa wa mapokezi kutwa nzima. Saa moja asubuhi unakula MB 180. Saa kumi alasiri GB 1.4, kwenye kompyuta ya GB 4. Kila sekunde 5 unaleta upya orodha ya vyumba 12, na mistari ya zamani, pamoja na picha za pasipoti, inasukumwa kwenye orodha aliyoiita "historia". Nimetafuta kodi nzima (maandishi ya programu): hakuna inaposomwa, hakuna inapopunguzwa. Pigeni hesabu: saa 9, mizunguko 6,480, mistari zaidi ya elfu 77. Kwenye skrini unaiona 12 tu.

Mzoa taka, yaani ile sehemu ya JavaScript inayosafisha memori, hajui unahitaji nini. Anaanzia kwenye vigeu vya juu (majina yanayoshika data ya programu), anafuata kila kilichoshikwa na mwenzake, anachokifikia anakitia alama, asichokifikia ndicho anachokitupa. Ndivyo tangu John McCarthy alipoifanyia Lisp, lugha yake ya programu, wengi wetu hatujazaliwa. Sasa kitu umekikumbatia mwenyewe, akunyang'anye vipi?

Na najua ugonjwa huu unatoka wapi. Wengi tumeanzia PHP, lugha inayoendeshwa kwenye seva. Huko ombi la ukurasa likishajibiwa memori yote inarudishwa, uchafu wako unaondoka kabla hujauona. Ukurasa wa mapokezi haufi hivyo. Unafunguliwa alfajiri, unafungwa usiku, na kila ulichosahau kukiachia kinalala humo humo.

Nimefuta mstari mmoja wa kodi, ule unaosukuma vitu kwenye "historia". Mmoja! Leo saa kumi alasiri: MB 190, kompyuta ile ile.

Mwenye nyumba alikuwa ameshatenga pesa za karafuu anunue mpya.