Shule ya jimbo la kanisa inakimbiwa na wanafunzi, nimekaimishwa ukuu, bodi inataka majibu. Nishaurini

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Niko Kusini, ukanda wa korosho. Wilaya na jimbo mnisamehe, huku tunajuana mpaka mbuzi wa jirani.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mlei, mwaka wa kumi na moja huu kwenye sekondari ya wasichana ya jimbo, bweni na kutwa. Julai mkuu wa shule, padri, alihamishiwa parokiani. Nikaitwa ofisini, nikapewa barua ya kukaimu. Sikuomba. Ni mkuu wa nne ndani ya miaka sita: padri, sista, padri, halafu mimi, mlei wa kwanza, tena mama wa watoto watatu na mume anayeuliza kila jioni kama posho ya ukaimu imeingia. (Haijaingia.)

Mwaka 2019 tulikuwa na wanafunzi 312. Leo asubuhi mstarini nimehesabu 196, bweni wakiwa 150. Bweni moja tumelifunga, popo wamehamia. Walimu wawili wa sayansi wamepata ajira za serikali wakaaga siku moja, na mshahara wa Agosti tumelipwa kwa mafungu.

Bodi inakaa wiki mbili zijazo. Katibu wa elimu wa jimbo kaniambia nije na andiko. Yaliyo mezani ni mawili: kushusha ada ya bweni kutoka 1,400,000 hadi milioni moja, au kutuunganisha na sekondari ya wavulana ya jimbo tuwe shule moja ya mchanganyiko. Mhasibu anapigia debe la kwanza, mapadri wawili wa bodi wanataka la pili. Wote wanasema kinachotumaliza ni elimu bila ada. Mimi moyo unakataa ila sina cha kushika mkononi. Halafu, kaimu tu kama mimi anaweza kumwambia Baba Askofu kwamba hapana?

Chomachoma Mstaafu

Shusheni ada, mwalimu, msizunguke. Kidato cha kwanza hadi cha nne bure tangu Januari 2016, cha tano na sita wakaongezewa 2022. Shule ya kata ipo nyuma ya nyumba yangu, mtoto anarudi kula ubwabwa wa mama yake. Niuze korosho nilipe milioni na nusu ili iweje?

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, 2019 elimu bila ada ilikuwa imeshamaliza miaka mitatu, na sisi tulikuwa 312. Ndiyo maana nasita.

Kiduku wa Shangani

Hao popo wa bwenini wameshalipa ada ya muhula wa pili? Maana nao ni wa kulala.

Mzee Salfa

Mwalimu, shikamoo nakusamehe kwa kuwa ni kaimu mkuu. Niliwahi kukaa bodi ya shule ya kanisa miaka ya nyuma.

Shule za misheni huku zilishawahi kupigwa dhoruba kubwa kuliko hii. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua nyingi. Ndanda yenyewe, waliyoijenga Wabenediktini waliofika pale 1906, leo sekondari yake ni ya serikali. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, alipita Ndanda kabla ya kwenda Pugu. Wazee wetu hawakuwapeleka watoto kule kwa sababu ni karibu wala kwa sababu ni bure. Walikuwa wanamjua mtu aliyekaa pale. Ukimkabidhi mtoto Januari, Desemba unamkuta mtu yule yule.

Sasa nikuulize kama mkulima: gunia limepungua, umeshaangalia tundu liko wapi? Au mnajadili tu kuongeza korosho juu? Hizo 116 zilizopotea zimetokea kidato gani? Wasioingia kabisa ni shida nyingine, walioingia wakatoka ni shida nyingine. Chukua rejesta ya uandikishaji, kaa nayo usiku mmoja, rudi hapa na mchanganuo. Kabla ya hapo mimi sitoi ushauri wa ada.

Mama Rukia

Mimi Mwislamu, na binti yangu nilimpeleka kwa masista kwa hiari yangu. Baba yake alinuna wiki nzima. Shule si hiyo yako nadhani, lakini soma hiki.

Mwaka wake wa kwanza matroni alikuwa sista mmoja mnene, wa umri. Ramadhani ilipoingia, saa tisa na nusu usiku anapita na tochi, anagonga kitanda kwa kitanda, kwa majina: "Rukia, Zainabu, Mwanahawa, daku." Uji wa mchele kwenye sufuria, na viazi vilivyobaki jioni vimepashwa moto. Binti alinisimulia hadi mlio wa kandambili zake. Nilitulia roho kuliko kama angekuwa kwa shangazi yake.

Mwaka uliofuata sista akahamishwa. Akaja mwingine, kijana, msomi. Akasema jiko lifungwe saa tatu usiku, anayefunga afunge na chakula cha jioni. Hakuwa mbaya, alikuwa na taratibu zake. Muhula huo wasichana watano wa mtaani kwetu hawakurudi, na mmoja wao ni wangu. Hakuna aliyetupigia kuuliza kwa nini. Nina hakika kwenye makaratasi yao tumeandikwa "ada".

Mwalimu wa Zamu

Dada yangu, umenigusa. Kwetu daku lipo, mimi mwenyewe huwa zamu. Lakini hilo la kutopiga simu ni letu kabisa. Mtoto asiporudi tunasubiri wiki tatu, tunakata jina kwa kalamu nyekundu.

Ufuta wa Juni

Ngoja niseme la pesa, maana hapa ndipo shule nyingi za huku zinajikwaa. Mnatoza ada kwa kalenda ya nani? Nakisia awamu nne sawa sawa: Januari, Aprili, Julai, Septemba. Hiyo ni kalenda ya mtu mwenye mshahara.

Mzazi wa huku pesa yake inakuja na mnada. Ufuta Juni na Julai. Mbaazi Agosti na kuendelea. Korosho kuanzia Oktoba hadi mwaka mpya. Aprili mzazi hana kitu, amebaki na deni la duka na anawaza palizi. Ukimrudisha mtoto nyumbani Aprili kufuata ada, unampeleka moja kwa moja kwa mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, auze korosho ambayo hata ua haijatoa. Mwaka 2024 minada ya kwanza ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba aliisikia redioni.

Pokeeni nusu ya ada ya mwaka unaofuata Novemba na Desemba, pesa ikiwa mkononi. Robo baada ya ufuta, robo baada ya mbaazi. Ada ibaki ile ile. Tahadhari moja tu: msiende AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuomba wawakatie wazazi juu kwa juu. Mkulima wa korosho amechoka kusikia neno makato.

Mkuu Mstaafu wa Msingi

Nilikuwa naongoza shule ya msingi ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza, ya dhehebu jingine. Yapo mawili ambayo bodi yako isiyasahau.

Kwanza, 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kama jimbo lina shule ya msingi ya masista iliyokuwa inawaletea wasichana, ujue mzazi aliyekuwa anamleta mtoto darasa la tatu akamwacha hadi kidato cha nne, siku hizi anamwanzisha kwingine, na huko ndiko anakozoea.

Pili, na hili ni zito: sera ya elimu toleo la 2023 imefanya msingi kuwa miaka sita. Kwa mpango uliotangazwa, 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanagonga mlango wa kidato cha kwanza. Leo ni Septemba 2025. Mkivunja mabweni sasa, mtayajenga upya miaka miwili ijayo kwa bei ya saruji ya wakati huo. Fukuzeni popo, pigeni chokaa, subirini.

Nyongeza kwa mhasibu wako: wa bweni 150 kwa 1,400,000 ni milioni 210. Kwa milioni moja moja mnahitaji 210. Yaani mpate wasichana 60 wapya ndipo mrudi mlipokuwa jana. Atawatoa wapi?

Mwalimu wa Zamu (siku nne baadaye)

Wakuu, nimerudi. Mzee Salfa, nilikaa na rejesta usiku mbili, siyo mmoja, mume akashika watoto.

Walioingia kidato cha kwanza 2022 ni 70. Mwisho wa kidato cha pili walikuwa 67. Kidato cha tatu wakaanza 42. Walioingia 2023 ni 66, wakamaliza cha pili 64, cha tatu wameanza 38. Mwaka huu cha kwanza wameingia 61. Kwa hiyo mlangoni tumepungua, sikatai, lakini polepole. Tundu liko pale katikati: wasichana 51 kwa mikupuo miwili, na wengi hawakuondoka. Tumewaondoa sisi.

Mwaka 2020 mkuu wa wakati huo alileta mchujo: asiyefikisha wastani wa 50 kidato cha pili anapewa barua ya "kushauriwa kutafuta shule inayomfaa". Nia ilikuwa shule iingie kumi bora za mkoa. Yeye akaondoka, barua ikabaki. Kila mkuu aliyekuja alibadilisha kitu, huyu sare, yule ratiba ya misa, yule jiko, ila barua hakuna aliyeigusa. Na aibu niimalize: barua za mwaka jana nyingi nilizichapa mimi, nikiwa mwalimu wa taaluma.

Mkuu Mstaafu wa Msingi

Mwalimu! NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023. Mnafukuza watoto kwa ajili ya orodha isiyokuwepo? Na wizara ilishakataza shule binafsi kumtoa mtoto kwa wastani wa ndani wakati kiwango cha taifa amekifikisha. Hilo peke yake ni hoja ya bodi.

Chomachoma Mstaafu

Nami nitapinga. Mkiacha mchujo mtakuwa shule ya kata yenye kengele ya kanisa. Mzazi anayelipa analipia divisheni wani.

Mwalimu wa Zamu

Una hoja, mkuu, siikwepi. Ila wa wastani wa 46 si mzigo, ni mtoto aliyekosa mwalimu wa Hisabati miezi minne. Hilo nalijua maana ratiba naipanga mimi.

Mzee Salfa

Sasa una kitu mkononi. Kwa Baba Askofu usiende na neno hapana. Pitia kwa katibu wa elimu kwanza, usimruke, utamfanya adui bure. Karatasi moja tu: hesabu za rejesta, hesabu ile ya milioni 210, kalenda ya ada ya minada. Usimtaje mkuu aliyeanzisha mchujo, hata kwa cheo. Anaweza kuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwako.

Halafu omba, tena omba ukiwa umesimama: yeyote atakayepewa shule, awe padri, sista au wewe, apewe miaka minne kwa maandishi, na awe mmoja wa watia saini benki. Mkuu wa shule anayeomba ruhusa kununua chaki ni monita.

Mwalimu wa Zamu

Asante, baba. Andiko nimelipeleka leo kwa katibu. Amelisoma amesimama, akauliza hesabu za rejesta nani mwingine anazo, kisha akasema ataliweka ajenda ya pili. Sista wa bweni yuko upande wangu. Mhasibu hajanisalimia tangu jana. Bodi ni Jumamosi.

Mama Rukia

Mwalimu, samahani natoka nje kidogo ya uzi. Mtoto wa dada yangu alipewa barua kama hiyo mwaka jana, shule nyingine ya huku huku. Alipata 47. Tangu Januari yupo nyumbani anabangua korosho. Mkifungua nafasi za kidato cha tatu, mnapokea wa nje?

Mwalimu wa Zamu

Nitumie jina lake na matokeo yake ya kidato cha pili kwenye ujumbe wa ndani. Rimu na fagio asinunue kwanza, asubiri Jumamosi ipite.